Herufi za Kasha Bovu

Ukiambiwa una kifua kikuu, watu watakuja kukupa moyo, na wengi wao watakuwa waongo. Sisemi kwa ubaya. Mimi mwenyewe nimewadanganya wagonjwa wawili watatu tangu nilipopona, tena nikiwatazama machoni. Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyeanza juzi kutema kwenye kikopo chenye kifuniko, na kwa ajili ya huyo anayekuletea chakula. Mambo ya dawa utaelezwa na daktari. Haya mengine mimi nilijifunza peke yangu, na nilijifunza vibaya.

Kwanza ujue kuwa mimi ni mtu wa shaka. Kazi yangu ilinilea hivyo. Nilikuwa mpanga chapa katika kiwanda kidogo kwenye kichochoro cha River Road, nikipanga herufi za madini ya risasi moja moja mpaka ukurasa ukamilike. Unaletewa karatasi na mtu aliyesoma kukushinda, anakuapia kuwa haina kosa, nawe unalitafuta kosa mpaka unalipata. Nikirudi nyumbani sikubadilika. Mke wangu Mwanaisha akiniambia Westlands kumenyesha, nilitazama viatu vya wanaotoka Westlands ndipo niamini.

Kiwandani tulichapa gazeti dogo la Kiswahili la kila Ijumaa, na ukurasa wake wa mwisho ulikuwa na fumbo la mraba. Fumbo lile lilikuwa langu. Sikuuliza watu mji mkuu wa nchi fulani ni upi, hayo ya watoto wa shule. Niliandika hivi: "Jana ikigeuka husema iko njiani, herufi nne." Jawabu ni NAJA, maana sisi tuliozaliwa Mombasa tumekua tukisema kinyume, silabi ya nyuma tunaileta mbele. Au: "Utajiri uliogeuzwa hushika jembe." Hapo mali inakuwa LIMA. Watu walinitukana vinyozini, na matusi yale nilikuwa nayapenda sana.

Kila Idi nilitunga fumbo kubwa zaidi. Majawabu yake makuu yalikuwa ya jamii moja, mwaka huu samaki, mwaka mwingine nguo, na ndani yake nilificha fumbo la pili. Ukimaliza mraba ulikuwa bado hujamaliza. Rafiki yangu Ombima, mpanga chapa mwenzangu, Mluhya kutoka Kakamega, mtu wa kanisa na mtu wa mzaha, alijifunza kwangu mpaka akawa ananikaribia.

Ugonjwa wangu ulianza katika mvua ndefu, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nakohoa wiki nzima, nikasema ni vumbi la karatasi. Siku moja nikakohoa juu ya ukurasa uliokwisha kupangwa, nikaona tone jekundu juu ya risasi. Nikalifuta kwa kitambaa cha wino kabla Ombima hajaona. Alikuwa ameona. Akanivua aproni bila kuuliza, akanishika mkono tukaenda kliniki.

Kwenye benchi la kliniki ndiko utakakojua unaumwa nini kabla daktari hajafungua kinywa. Tulikaa wanane asubuhi, tukisukumana kwa nafasi. Nilipokohoa mara ya tatu nikawa na nafasi ya kuweka kikapu upande huu na upande huu. Mama mmoja akajifanya anamtafuta mtu mlangoni. Nilikasirika sana siku ile. Baadaye nami nilipoanza kupata nafuu nilimkimbia mgonjwa mpya vivyo hivyo, basi siku hizi sina la kumlaumu yule mama.

Nililazwa katika hospitali ya kifua iliyokuwa ukiacha Kangemi, hujafika Kinoo, juu ya mteremko wenye upepo. Jina lake silitaji. Kila asubuhi sindano moja ya tako, leo kulia, kesho kushoto, halafu vidonge. Midomo ilinifa ganzi kila nikidungwa. Sikio la kushoto likaanza kulia mlio mwembamba ambao mpaka leo haujaniacha. Pete ilinilegea kidoleni, nikaizungushia uzi, halafu uzi nao ukalegea. Sikuhesabu siku za mwezi tena, nilihesabu sindano. Sindano ya hamsini ilinikuta katika ile baridi ya Julai, tumejifunika mablanketi mpaka puani, na madirisha yote wazi kwa amri ya sista, ati hewa ndiyo dawa.

Kwenye kitanda kilichopakana na changu alikuwa Mzee Njoroge, mtunza bustani wa watu wa Kitisuru, aliyenitangulia kwa miezi minne. Ndiye aliyenifundisha kulalia tumbo baada ya sindano, na kumeza vile vidonge vichungu na uji vuguvugu visirudi. "Usipigane na dawa," aliniambia. "Hii dawa ni kichwa ngumu kuliko wewe."

Watoto hawakuruhusiwa kuingia. Binti yangu Rukia, wa miaka sita, aliletwa mpaka kwenye ua wa miiba, naye alisimama ng'ambo akipunga kwa mikono miwili. Nilitoka barazani nikampungia kwa shuka. Nusu saa nzima tulipungiana hivyo bila neno. Ukiwa na mtoto, omba upewe kitanda cha upande wa ua.

Sasa nije kwenye shaka, maana ndiyo iliyotaka kuniua, wala si kifua.

Mwanaisha alikuja Jumatano na Jumapili, saa nane mpaka saa kumi. Mpaka mwisho wa baridi alikuwa yuleyule, ananisimulia ugomvi wa majirani pale River Road, anaiga sauti zao, ananichekesha mpaka nakohoa. Halafu, mwezi wa Agosti, akakosa kuja Jumapili moja na Jumatano iliyofuata. Alikuja Ombima peke yake, akasema Mama Rukia ana homa kidogo. Mwanaisha aliporudi hakuwa na dalili ya homa. Alikuwa na macho yaliyovimba, na hadithi zake zikawa fupi. Nikimtazama, anatazama sufuria.

Wiki moja baadaye nikawaona langoni, yeye na Ombima, wamesimama karibu, wanasema kwa kunong'ona. Ombima anakataa kwa kichwa. Walipoingia wodini walikuwa wakitabasamu wote wawili. Mimi nimekaa miaka kumi na miwili nikitafuta kosa kwenye ukurasa uliosafishwa, nikajua hapa pana kosa.

Nikaanza kukusanya. Barua za Mombasa, kwanza. Mama yangu hakujua kuandika, alimwambia kaka yangu Abdalla naye akaandika. Katika kila barua alimlazimisha aweke swali moja la mwisho, kama nimekula nikashiba. Abdalla alilichoka swali lile lakini aliliandika. Baada ya Agosti barua zilikuja bila hilo swali. "Mama anakusalimu sana," basi. Pili, daktari alisimama mbele ya kitanda changu na picha ya kifua, akasema Kiingereza na sista, kisha akanigonga bega. Tangu lini daktari akagonga bega la mtu anayepona? Tatu, wakati wa Ramadhani Mwanaisha alianza kunikubalia kila kitu. Mwanamke ambaye hajapata kunikubalia hata rangi ya pazia, sasa nikisema lolote ananiitikia, ndiyo Baba Rukia, sawa Baba Rukia.

Nikaunganisha. Nilikuwa nakufa, nao wamekwisha kuambiwa. Mama ameambiwa pia, ndiyo maana ameshindwa hata kuuliza kama nimekula. Ombima na mke wangu wanapanga watakavyoishi nikishaondoka, na kama wanapanga mengine, nilisema moyoni, Mungu anawaona. Naona haya kuliandika hili. Lakini nimeahidi kuandika ukweli, na wewe uliyelala hapo huenda unamfikiria hivyo hivyo mtu aliyepanda basi kukuletea mchuzi.

Sikumuuliza. Mtu wa shaka haulizi, maana hataliamini jawabu. Nilichofanya ni kuamua. Nikamwambia Mwanaisha katikati ya Ramadhani, naye ananipangusa jasho, "Idi ikipita naondoka hapa. Nakwenda Mombasa kwa mama. Nitapanda treni."

Mkono wake ukasimama. "Daktari hajakuruhusu."

"Daktari si mamangu."

"Bado una miezi ya sindano. Ukiziacha katikati zitakuwa za bure. Si umeambiwa?"

"Nimeambiwa mengi," nikasema. "Ninayoyataka ni yale ambayo sijaambiwa."

Alinitazama muda mrefu, midomo ikimcheza, nikadhani sasa anasema. Akainama akakusanya vyombo. Alipoondoka, Mzee Njoroge aliyekuwa amejifanya kulala alinigeukia. Akasema aliona mmoja akienda hivyo mwaka uliopita, kijana wa Kinoo hapa karibu, alichoka sindano akarudi kwao. "Alikuwa anakohoa kidogo tu kama wewe. Miezi tatu, tukasikia wamezika." Nikamwambia yule alikuwa na nafasi ya kupona, mimi sina, nami nitafia ninakotaka. Akasema, "Nani amekuambia?" Nikageukia ukutani.

Nilianza kujitayarisha. Suruali yangu nikaipiga pasi kwa kuilalia. Chakula sikukitaka tena. Sahani za Mwanaisha zilirudi zimechokonolewa pembeni tu. Sista akanipima akakunja uso. Nilikuwa napungua huku nikidungwa, jambo ambalo dawa peke yake haiwezi kulieleza.

Idi ikatukuta mijakaranda inachanua, baraza lote la hospitali limejaa maua ya zambarau yaliyopondwa na viatu. Mwanaisha alikuja na pilau na gazeti. Nikamtazama mikono. Haikuwa na hina. Macho hayakuwa na wanja. Mwanamke wa Mombasa, siku ya Idi, mikono mitupu. Na ile halua ambayo mama hunitumia kila mwaka kwa mtu wa treni, haikuja.

"Halua imekawia," akasema kabla sijauliza.

"Naona na hina imekawia."

Akalazimisha kucheka. Kisha akafungua gazeti ukurasa wa mwisho, akaliweka magotini pangu na penseli juu yake. "Ombima ametunga fumbo la Idi. Anasema lina fumbo la pili ndani, kama yako. Anasema wewe tu utalimaliza. Lifanye, Baba Rukia. Nifanyie mimi."

Alinisisitizia namna hiyo mara tatu kabla ya kuondoka. Hilo nalo nikaliweka pamoja na mengine.

Nilianza fumbo kesho yake asubuhi baada ya sindano, nimelala kwa tumbo. "Mkamuaji asiye na ng'ombe, herufi saba." Nikafikiri kidogo. KIFUMBU, ule mfuko wa ukili wa kuchujia tui la nazi. "Kiungo kimepoteza kichwa, kilichobaki kinapepeta." UNGO. "Hupigwa mchana kutwa wala hashtaki." KINU. "Fuvu la nazi limepata mkono." UPAWA. Vyombo vinne vya jikoni vimepita mlalo katikati ya mraba, na chini yake imeandikwa: "Fumbo hili lina fumbo la pili." Nikachukua herufi za kwanza za vyombo, nikapata KUKU. Kitoweo cha Idi. Basi.

Nikakasirika. Kwanza lilikuwa jepesi mno. Nimemfundisha Ombima miaka yote hiyo kisha ananiletea kuku? Pili, mtu wa Kakamega atajuaje kifumbu? Kwao hawakuni nazi. Hata upawa wangeuita kijiko. Jikoni kwa mama yangu pale Mombasa ndiko vyombo vile vinne vilikokuwa vimetundikwa ukuta mmoja, na aliyepika chakula pamoja na mama yangu miaka miwili ya kwanza ya ndoa yetu ni Mwanaisha. Kwa hiyo walikaa pamoja, wakatunga pamoja. Chumbani kwangu, pengine mezani kwangu. Nikakandamiza penseli hata ikatoboa karatasi.

Nikatafuta la kumshutumu Ombima, na nilipata haraka. Ukurasa ulikuwa mchafu. Pale kiwandani tulikuwa na makasha mawili ya herufi za ukubwa ule. Moja jipya, na moja la zamani lililochakaa, a zake zimepasuka tumbo, m zimekatika mguu, e zimeziba wino, zote nene kidogo kuliko za kasha jipya. Kasha lile bovu nililisukuma mimi mwenyewe chini ya meza, na nikapiga marufuku mtu yeyote kuligusa. Msomaji wa kawaida hataona tofauti. Mimi naiona kama unavyoona jiwe kwenye wali. Na ukurasa huu, ukurasa wangu, ulikuwa na herufi za kasha bovu zimechanganywa na nzuri.

Nikasema, ngoja. Nitamrudishia ukurasa wake umesahihishwa ajue bado niko hai. Nikaanza kuzungushia duara kila herufi mbovu, kama tulivyozoea, na kuiandika tena pembeni mwa ukurasa kwa penseli. Kidokezo cha kwanza cha mlalo, m. Cha pili, a. Cha tatu, m. Nilipofika cha saba nikaona jambo. Kila kidokezo cha mlalo kilikuwa na herufi mbovu moja tu. Vya wima havikuwa na hata moja. Mtu mvivu hakosei kwa hesabu namna hiyo.

Nikamaliza polepole. Zilikuwa kumi na mbili, zimepangana pembeni mwa ukurasa kwa mwandiko wangu mwenyewe, kutoka juu kwenda chini.

Mama hatunaye.

Nitakwambia jambo la kwanza nililohisi, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu miaka hii yote baadaye. Nilifurahi. Nilihisi kifua kimefunguka, pumzi ikaingia mpaka chini, mahali ambapo haikuwa imefika tangu mvua ndefu. Si mimi. Macho yaliyovimba, kunong'ona langoni, barua zisizo na swali, mikono bila hina, hakuna hata kimoja kilichokuwa changu. Walikuwa wananificha msiba, kwa desturi ya kwetu kwamba mgonjwa hapewi habari ya kifo isije ikammaliza. Nami nilikuwa sifi. Nilirudia maneno hayo kimoyomoyo, sifi, sifi, na mamangu yuko kaburini wiki kumi.

Kikaja chakula cha hospitali, maharagwe na ugali uliopoa. Nikala chote. Nikamwomba Mzee Njoroge aliyobakiza, nikala pia. Alinitazama kwa mdomo wazi. "Leo umeonyeshwa nini kwa hiyo gazeti?" Nikamwambia nimelimaliza fumbo. Halafu nikajifunika blanketi mpaka kichwani nijaribu kulia, na machozi hayakuja. Nilijikumbusha mikono ya mama, sauti yake, nikajiita majina mabaya. Tumbo lilikuwa limeshiba na mwili unataka kulala. Nikalala.

Jumatano Mwanaisha alikuja na wali wa nazi. Nikala mpaka nikapangusa sahani kwa kidole. Alinitazama nikila, akaishika ile sahani tupu mapajani kwa mikono miwili.

"Fumbo umelimaliza?" akauliza.

"Nimelimaliza. Kuku."

"Basi?"

"Basi. Mama hajambo?"

Akaizungusha ile sahani. "Hajambo. Anakusalimu."

Kwa nini nilimfanyia vile? Nilikuwa na sababu zangu. Niliamini Ombima amevunja siri kwa huruma yake, mke wangu hana habari, na nikisema nimejua nitamwingiza rafiki yangu matatani kwa kaka Abdalla. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Ile mbaya ni kwamba nilitaka kumwona akinidanganya. Nilikuwa nimeteseka kwa kutojua, sasa najua mimi, na kila Jumatano na Jumapili nilimuuliza mama hajambo, naye alijibu hajambo, na uso wake ulizidi kuchoka. Nilikuwa nanenepa, yeye anakonda. Ugonjwa hukufanya mwema, watu husema. Mimi haukunifanya.

Habari ya treni sikuitaja tena. Sindano nikapokea zote, kulia na kushoto, mpaka matako yakawa magumu kama ubao, sista akawa anatafuta mahali. Ombima alipokuja nilimshika mkono muda mrefu kuliko kawaida, naye akatazama chini, tukazungumza habari za wino. Mzee Njoroge aliruhusiwa kabla ya Krismasi. Akarudi Kitisuru kwa maua yake, na alikuja mara moja kuniona, amevaa koti, amesimama mbali kidogo na kitanda changu kama watu wa nje wanavyosimama. Nilicheka nikamwambia sogea, si ulikuwa unakula sahani moja na mimi? Akasogea.

Mimi niliruhusiwa katika lile joto kavu la Februari, na mfuko wa vidonge vya mwaka mzima. Makohozi yangu yalikuwa safi mara tatu mfululizo. Ombima alitupakia kwenye gari la kiwanda, tukateremka Westlands mpaka mjini, na kelele za River Road zilinichosha kuliko ngazi za nyumbani. Rukia aliniambia nimekuwa na masikio makubwa. Alikaa mbali nami siku nzima ya kwanza, kisha akaja akanikalia mguuni.

Asubuhi ya pili, mtoto ameshakwenda shule, Mwanaisha alinimiminia chai, akakaa mbele yangu, akajifunga mtandio vizuri kichwani.

"Kaka Abdalla amenipa ruhusa," akasema. "Kuna neno lazima nikwambie."

"Sema."

"Mama hatunaye. Tangu Agosti. Alikwenda usingizini, hakuumwa."

Nikasema innalillahi, nikashika kichwa. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jambo lile tangu Idi, namna nitakavyoshtuka. Nikaanza kuuliza, lini hasa, nani alimwosha. Akaniacha niulize maswali mawili, kisha akaweka kiganja chake juu ya meza.

"Usijitaabishe, Baba Rukia. Unajua tangu ile Jumatano."

Nikaondoa mikono kichwani. Nje mtu alikuwa anateremsha mabati, yanapiga kelele. Nikauliza kwa sauti ndogo, "Ombima amekwambia?"

"Ombima hajaniambia kitu. Sahani ilirudi tupu."

"Basi usimkasirikie. Alinihurumia tu. Aliona siri imezidi..."

"Ombima alipanga herufi," akasema. "Alikataa mara mbili, akisema nitamuua rafiki yake. Nilimfuata mpaka kanisani kwao. Maneno nilimpa mimi, na vyombo nilimpa mimi, na habari ya kasha bovu nilimkumbusha mimi, maana ndilo ulilokuwa ukija kugombana nalo hapa kila jioni. Kaka yako alinishikisha msahafu Mombasa, siku ya tatu ya matanga, kwamba sitakwambia kwa kinywa changu mpaka utoke. Nikaapa. Kinywa changu hakikukwambia."

Sikuweza kumtazama. Miezi minne nilikuwa nimemuuliza mama hajambo. Nikamwambia basi, nikamwambia yote, nilivyomdhania yeye na Ombima, na nilivyomuuliza kusudi. Alisikiliza akitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesomewa orodha anayoijua. Likabaki lile moja.

"Mwanaisha. Niliposoma, nilifurahi. Mamangu amekufa, nami nilifurahi kuwa si mimi. Nikaomba ugali wa Njoroge."

Alikuwa akimpenda mama yangu, pengine kunizidi, na ndiye aliyekwenda kumzika.

"Nilijua utafurahi," akasema. "Kwa sababu hiyo nilifanya. Ulikuwa unataka kupanda treni. Mama alikwisha kufa, Baba Rukia. Wewe ulikuwa bado."

Kinywa changu kikafunguka kutaka kusema neno, kikatoka kilio. Nililia kwa sauti ambayo hata mimi niliiogopa, kifua kile kibovu kikipanda na kushuka, kikombe kikamwagika nguoni nisijue. Mwanaisha akainuka, akafunga dirisha ili wapita njia wa River Road wasisikie mwanamume mzima akimlilia mama yake. Kisha akarudi, akakaa chini miguuni pangu, na yeye pia, kwa mara ya kwanza mbele yangu, akamlilia.